Picha Zilizolazimishwa Kucheza

3 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo, na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu haya ninayoyafikiria nikimwambia mtu nitaonekana mke mbaya.

Bibi Miwani alikuja nyumbani. Ni mkurugenzi wa jumba la maonyesho. Jina lake analo, lakini miwani yake ni mikubwa kuliko uso, nami nikishambandika mtu jina siwezi kulibandua. Alikuja kuzitazama picha zangu tisa. Alizunguka sebule, akarudi nyuma, akasogea, akanusa hata rangi. Mimi nimesimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa. Mwisho akasema, "Mama, ni nzuri sana. Lakini zimetulia mno. Watu wa siku hizi wanataka kitu kinachosogea."

Baba Pacha, mume wangu, aliyekuwa ameletwa pale na harufu ya chai, akadakia, "Naweza kuzifanya zisogee."

Wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Filamu fupifupi za kompyuta, moja kwa kila picha, dakika tatu au nne. Wananipitishia maneno juu ya kichwa kama wanunuzi wanaopatana mbele ya ng'ombe.

Niandike wazi, maana daftari halina wa kumstahi. Mume wangu ni mpiga video za harusi. Picha zangu zinaitwa Kimya, kuanzia Kimya cha Kwanza mpaka Kimya cha Tisa. Hazina mtu, wala nyumba, wala mti. Ni rangi tupu, tabaka juu ya tabaka, nilizozipaka kwa mwiko wa fundi mwashi kisha nikazikwangua. Nilizichora mwaka ule baada ya sherehe ya kaka yake, aliposimama na glasi mkononi akawaambia wageni, "Mke wangu anapaka ukuta, shida ni kwamba hajapata nyumba." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka watoto wetu pacha walicheka. Tangu siku ile karibu mwaka mzima sikumwambia zaidi ya "chakula tayari" na "umefunga mlango?" Hakuniuliza kulikoni. Hata siku moja.

Na huyo ndiye atakayekifanya Kimya kisogee.

4 Machi

Mvua. Sijamsemesha. Hajagundua.

9 Machi

Nimekubali. Naandika sababu ili nisije nikajidanganya baadaye. Bibi Miwani amesema ukumbi utapatikana Mei kama kuna filamu. Bila filamu, hakuna ukumbi. Nimefundisha watoto kuchora maisha yangu yote, na picha zangu hazijawahi kutundikwa popote isipokuwa sebuleni kwangu na ofisini kwa mwalimu mkuu, aliyeitundika kichwa chini na anaisifia hivyohivyo.

Sababu ya pili ni uso wa Baba Pacha. Tangu Jumatatu anaimba bafuni. Leo wakati wa chai aliniambia, "Miaka yote hii narekodi watu wakilishana keki. Sijawahi kutengeneza kitu ambacho mtu atakitazama bila kujitafuta yeye mwenyewe ndani." Maneno hayo yaliniingia. Nikamwambia, chukua.

14 Machi

Tumezipeleka studio kwake. Studio ni neno la heshima. Ni chumba nyuma ya duka la fotokopi, paa la bati, dirisha moja lisilofunga, na kitambaa cha kijani ukutani ambacho maharusi husimama mbele yake halafu wanajikuta kwenye maporomoko ya maji.

Nilimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe nikamweleza. Rangi yangu si ya mafuta. Naikoroga kwa unga wa rangi, chokaa na gundi. Maji yakiigusa yanaichimba. "Usiziweke sakafuni. Usiziegemeze kwenye ukuta ule wa nyuma, una unyevu."

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema niwe mwangalifu."

Sikusema hivyo.

22 Machi

Nimeona filamu ya kwanza.

Alinifungia macho kwa kitambaa kama mtoto siku ya kuzaliwa, akaniketisha mbele ya skrini, akanifungua. Ilianza ngoma. Ngoma! Kisha kinanda. Kisha Kimya cha Kwanza, picha niliyoikwangua mpaka kidole kikatoka damu, ikafunguka katikati kama pazia la ukumbi bibi harusi anapoingia. Ndani yake zikatoka chembechembe za dhahabu. Ule mstari mweusi wa chini, ambao ndio picha yenyewe, umeinuka, umejikunja, umegeuka ndege, umeruka zake.

"Mstari wangu umeenda wapi?" nikauliza.

"Umepaa," akasema, meno yote nje. "Unaona? Matumaini."

"Nani amekuambia ni matumaini?"

"Si picha ya kufikirika? Kila mtu anafikiri lake."

Niliondoka nikatembea kwenye mvua bila mwavuli, na kila mtu niliyepishana naye nilimwona kama ndiye aliyepiga ile ngoma.

23 Machi

Nimempikia. Sikula naye. Ameuliza kama naumwa tumbo.

30 Machi

Ngoma imetolewa. Amesema ametumia wiki nzima "kuitafutia picha hali yake", na hali yake imeonekana kuwa filimbi.

Ndege naye ametolewa. Sasa kuna mawimbi. Kimya cha Pili kinapumua, kinavimba na kunywea kama shavu la chura. Bibi Miwani alikuwepo, mikono kifuani, anasema "waa, waa." Nikawaambia wote wawili kwamba nimeziita Kimya, na kwamba hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua neno hilo maana yake nini.

Bibi Miwani akaniwekea mkono begani. "Mama, jina ni zuri, hatulibadilishi. Lakini ukumbi ukiwa kimya watu wanaanza kutazama simu zao."

"Watazame."

"Mke wangu ana utani," Baba Pacha akasema, wakacheka. Wakacheka tena wawili.

Akinicheka mara ya tatu kuna kitu kitavunjika humu ndani, na hakitakuwa sahani.

6 Aprili

Mvua haikatiki. Uwanja wa shule umekuwa bwawa, tumewaachia watoto mapema. Nilipita studio. Bati linavuja karibu na mlango, ameweka beseni. Picha nne ziko juu ya meza, nzuri. Tano ziko sakafuni, zimeegemea ukuta wa nyuma.

Nimesema tena. Ukuta wa nyuma. Sakafu. Nimemwonyesha kwa kidole.

"Nimekusikia, Mama Pacha. Nikimaliza kupiga hizi za leo nazipandisha."

Anazipiga kipande kwa kipande, kamera juu ya stendi, taa mbili kushoto na kulia, anainama mpaka pua inakaribia kugusa rangi. Nilipotoka hata hakuinua kichwa.

11 Aprili

Dada yangu amekuja kuazima pasi akakaa hadi jioni. Dada hushona nguo, na huongea kama anavyoshona, hasimami mpaka afike ukingoni. Nimemmwagia yote.

"Sasa wewe," akasema, "ulinyamaza mwaka mzima ukitegemea nini?"

"Aniulize."

"Yule? Shemeji hajui hata chumvi inakaa kabati gani. Ulimnyamazia mtu aliyekuwa anafurahia utulivu."

Nilimnyang'anya pasi. Kisha nikamrudishia. Nina hasira na dada kwa sababu amesema kweli, na nina hasira na kweli yenyewe kwa kuwa fupi hivyo baada ya mimi kuihangaikia kwa picha tisa.

15 Aprili

Kimya cha Nne hakipo tena.

Naandika nikiwa kwa dada. Nitaandika taratibu, kwa mpangilio, kama ninavyowaambia wanafunzi waanze na mstari wa meza kabla ya kikombe.

Mvua ya jana ilikuwa ya mawe. Asubuhi nilikuwa darasani moyo haupo, kipindi cha pili nikaomba ruhusa nikaenda studio. Mlango ulikuwa wazi. Baba Pacha alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapangusa kwa lile pazia la kijani la maharusi. Maji yalikuwa yameingia kwa nyuma, chini ya ukuta ule ule. Nne kati ya zile tano alikuwa ameshazipandisha juu ya kompyuta, zimenusurika, moja imeloa ukingo tu. Picha ya Kimya cha Nne ilikuwa imelala kifudifudi.

Nikaigeuza. Sehemu ya chini yote ilikuwa nyeupe, kitambaa kitupu, na rangi ilikuwa sakafuni, imeyeyuka, inaelekea mlangoni. Nyekundu yangu. Nyekundu ile niliitafuta miezi, na sasa ilikuwa inapita chini ya kiti cha mume wangu kama uchafu wa mfereji.

Sikulia. Nilitamani kulia, ingenisaidia. Nilisema, "Nilikuambia."

"Najua."

"Nilikuambia mara mbili. Nilikuonyesha kwa kidole."

"Mama Pacha, nilikuwa naenda kuzipandisha, nikapata wazo kuhusu ya sita, nikakaa kidogo tu..."

Na pale mlangoni, mwavuli mkononi, akatokea Bibi Miwani. Sijui nani alimwita. Akatazama sakafu, akashika mdomo. Kisha akasema, namnukuu neno kwa neno, kwa sababu nataka maneno hayo niyasome nikiwa kizee: "Jamani, pole. Afadhali tunayo kwenye kompyuta."

Nikamwambia atoke. Nikamwambia na miwani yake. Alitoka.

Halafu nikafungua kinywa na mwaka mzima ukatoka. Nilimwambia Baba Pacha kuhusu sherehe ya kaka yake, glasi mkononi, ukuta na nyumba, vicheko. Nilimwambia kwamba niliacha kuongea naye siku ile, kwamba hizo picha anazozipigia filimbi ndizo zile siku, moja baada ya nyingine, kwamba Kimya maana yake ni wewe, mume wangu, ni wewe mezani unakula na hunioni.

Alibaki amepiga magoti na pazia linachuruzika mikononi. Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri, anarudi nyuma mwaka mzima kama anavyorudisha mkanda wa video. Akasema, "Mwaka ule? Nilidhani umechoka."

Umechoka.

"Nilidhani ni kazi," akaendelea, maskini, anajichimbia zaidi. "Nikasema nimwache apumzike."

Nimechukua nguo zangu.

16 Aprili

Kwa dada. Cherehani tangu asubuhi. Sauti nzuri, haina maoni.

20 Aprili

Pacha wamepiga simu kutoka shule ya bweni. Wamesikia kwa baba yao. Mmoja anauliza, "Mama, hivi mmeachana?" Mwingine nyuma anasema, "Muulize kama filamu zimekwisha." Nikawaambia wasome.

Baba Pacha hupita kila jioni, husimama nje ya uzio na mwavuli. Dada humwambia nimelala. Mimi niko dirishani na yeye ananiona. Anasema, "Sawa, msalimie," anaondoka. Kwanza nilifurahi. Leo nilikasirika kwamba hakubishana.

27 Aprili

Nimerudi nyumbani. Siyo kwa sababu ya msamaha. Dada amepokea sare za kushona za shule nzima na nimekuwa nalala kati ya marobota.

Nyumba ni safi isivyo kawaida. Yeye hayupo; anashinda studio. Picha zote nane zimerudishwa sebuleni, juu ya viti na meza, hakuna pa kukaa. Kati ya ya tatu na ya tano ameacha nafasi tupu. Sijui nani kati yetu anatakiwa kuitazama.

3 Mei

Amenisalimia, nimemwitikia. Alisimama kama mwenye neno. Nikasubiri. Akasema mvua zinaelekea kupungua.

10 Mei

Bango limetoka. Nililiona jana limebandikwa kwenye nguzo nje ya shule, na wanafunzi wangu ndio walioniita kulisoma. Jina la mume wangu kwa herufi kubwa kama za tangazo la sabuni. Chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: "kutokana na picha za mkewe."

Mkewe. Mwaka mzima wa kukwangua, nikawa mkewe.

Nilimpigia Bibi Miwani nikiwa palepale kwenye nguzo. Sauti yake ilikuwa laini. "Mama, kwenye bango huenda jina la mtengenezaji wa filamu. Ndivyo inavyofanyika. Wewe upo ndani, kwenye maelezo."

"Ndani wapi?"

"Kwenye kikaratasi."

Jioni nikamtupia Baba Pacha bango mezani, nilikuwa nimelibandua na gundi yake. Alilisoma mara mbili. Masikio yalimwiva. "Hawakunionyesha kabla," akasema.

"Na sasa umeonyeshwa. Utafanya nini?"

"Nitaongea naye."

Nikasubiri nione kama ataongea. Leo mabango mapya yamebandikwa mjini. Ni yale yale.

24 Mei

Mkono unauma, lakini nitaandika yote.

Maonyesho yalipangwa saa kumi. Nilivaa, dada akavaa zaidi yangu. Tulipofika ukumbi ulikuwa giza. Mapazia mazito yamefungwa mchana ule wa jua kali, viti vimepangwa, watu wamejaa. Ukutani Kimya cha Kwanza kilikuwa kinacheza kwa filimbi. Baba Pacha alikuwa nyuma, mezani pa projekta. Nikapapasa kuta zote nne kwa macho, kisha kwa mikono. Hazikuwa na kitu.

Nikamfuata Bibi Miwani. "Picha zangu ziko wapi?"

"Zipo salama, mama. Gizani zisingeonekana. Tumeziweka stoo."

Stoo. Niliikuta nyuma ya choo. Picha zangu nane zilikuwa zimegeuzwa uso ukutani, kati ya mafagio na ndoo ya kudekia. Ndoo ilikuwa na maji.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka dada akisema, "Shika huko, mimi nashika huku." Tukaibeba ya kwanza, tukapita katikati ya watu, visigino vya dada vinagonga sakafu juu ya filimbi. Tukaiegemeza ukutani. Tukarudi. Ya pili. Ya tatu. Watu wakaanza kunong'ona. Ya tano. Bibi Miwani akanifuata nyumanyuma, "Mama, unaharibu. Mama, tafadhali, kuna wageni." Ya tisa ilipofika nikaenda kwenye swichi nikawasha taa zote, dada akavuta mapazia, na jua likaingia ukumbini kama mtu aliyekuwa akizuiwa mlangoni. Filamu ukutani ikafifia, ikabaki kivuli cha kijivu kinachojikunyatakunyata. Filimbi ikaendelea peke yake, inachekesha.

"Hizi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, ya kunyamazisha mkondo mzima, "nimezichora mimi. Msimu mzima nimeambiwa zimetulia mno. Zimetulia kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira kama yangu hachezi. Ziko nane. Ya nne ililoa, imekufa. Imebaki filamu yake tu. Hiyo tutaitazama gizani, kwa sababu haina pengine pa kuwa. Bila filimbi."

Nikamtazama Baba Pacha. Ukumbi mzima ukamgeukia. Bibi Miwani akamwambia, "Usiguse kitu." Alikuwa amekunja mdomo, uso umeiva, na nilijua ninamfanyia mbele ya watu kitu kile kile alichonifanyia. Nilijua na sikuacha.

Baba Pacha akainama akachomoa waya wa spika.

Nikazima taa. Dada akafunga mapazia.

Nilitarajia mawimbi. Hayakuwepo. Kilitokea Kimya cha Nne kizima, kimesimama, hakisogei. Watu wakakohoa. Kisha polepole sana tabaka la juu, lile la kijivu, likaanza kuondoka, kwa mikwaruzo, mkwaruzo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mahali mwiko wangu ulipopita. Chini ikaonekana kahawia. Ikaondoka nayo. Alikuwa anaichora picha yangu kinyumenyume. Aliona mahali nilipobadili mkono nilipochoka. Aliona alama ya kidole gumba kwenye pembe, ambayo hata mimi niliisahau. Nyekundu ikatoka, ile nyekundu, na nikaziba mdomo kwa kiganja. Ikafuata bluu, halafu kitambaa kikabaki cheupe, na ukumbi haukutoa sauti, na hakuna aliyetazama simu.

Mtu huyu alikuwa amekaa wiki nzima, pua juu ya rangi yangu, na ameona kila kitu. Halafu akashindwa kuniuliza swali moja la maneno mawili. Nilizidi kukasirika. Sijawahi kuwa na hasira iliyonijaa vile na bado nikataka filamu irudiwe.

Alinifuata nje, nimekaa kwenye ngazi. Hakukaa. "Umeniaibisha," akasema.

"Ndiyo."

Kisha akauliza, "Ile ya nne, nimepatia?"

"Umekosea mwisho. Nyekundu haiko juu ya bluu. Bluu iliingia baadaye, kupitia mikwaruzo. Nyekundu ndiyo ya kwanza kabisa."

Nilidhani atasema amenisikia. Alinitazama kama anayetafuta swichi kwenye chumba asichokijua, akasema, "Kwa nini ulianza na nyekundu?"

Nikamwambia sitamjibu leo. Nikamwambia akae asubiri, na asinishike bega. Akakaa ngazi ya chini yangu. Dada alitoka, akatuona, akarudi ndani.

25 Mei

Bibi Miwani amepiga simu. Wageni wanaulizia picha, watu wanataka kurudi leo kuziona mchana, na ile moja gizani. Anaomba turekebishe bango. Nikamwambia aongee na mtengenezaji wa filamu. Nikamsikia Baba Pacha chumbani akimwambia, "Jina lake juu. Hapana, juu. Kama haliko juu, ninazichukua filamu zangu." Alirudia mara tatu, sauti inapanda. Sijawahi kumsikia akimgombeza mteja.

Hasira haijashuka. Lakini nilisogea karibu na mlango ili nisikie vizuri.

31 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimeanza kumjibu.

Tumekaa sebuleni, katikati ya picha, viti viwili. Nilianza na ile nyekundu, nikamweleza siku niliyoikoroga, yeye alivyokuwa, alichokula, alichosema nilipompa sahani. Nikaenda Kimya cha Kwanza, nikaenda cha Pili. Hakunikatiza. Kwenye cha Tatu alitoa leso. Kwenye cha Tano akasema, "Basi, Mama Pacha. Nipumzike kidogo."

Nikamwambia hapana, kaa.